Shule ya Bure na Matanga ya Mzee Salomon

Siku shule ilipokuwa ya bure, aliyepiga kengele alikuwa Madame Émérance mwenyewe, na aliipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Kengele yenyewe ni rimu ya lori la zamani, imening'inizwa kwenye boriti ya veranda ya shule, kwenye njia inayotoka Kasongo kwenda Nyangwe. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka 2019. Kule Kinshasa walikuwa wamebadilisha rais mwezi wa kwanza. Wa zamani akampa mpya kiti kwa mkono wake, wakapigwa picha, na watu wenye umri walikaa siku nyingi wakingojea kusikia bunduki, hawakuzisikia. Rais mpya alikuwa amesema kwamba mtoto wa shule ya msingi hatalipa tena kitu. Gratuité! Neno hilo lilipanda pikipiki, likapanda baiskeli, likafika kijijini kabla ya karatasi yake.

Wanawake walipiga vigelegele. Madame Émérance alicheza, naye si mwanamke wa kucheza hovyo. Alikuwa na miaka hamsini, mrefu, mgongo wima, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama mtu anayengoja kupigwa picha. Tangu miaka ishirini na minane alikuwa akifundisha mwaka wa kwanza, na kila mtu wa pale anayejua kuandika jina lake, ni yeye aliyemshika mkono.

"Sasa hakuna mutoto ataambiwa rudi nyumbani!" alisema huku akipiga rimu.

Hakuna aliyemwambia kwamba atakayerudishwa nyumbani ni yeye.

Maana mambo yalikuwa hivi. Tangu zamani za Zaïre, serikali iliposahau walimu wake, wazazi ndio waliowalisha. Kila mwisho wa mwezi Mama Subira, muuza samaki, alileta samaki wakavu kwa ajili ya wajukuu wake. Ramazani, mwenye duka la chumvi na prezida wa komite ya wazazi, alileta mchele na sabuni. Wengine kuku, karanga, mafuta ya mawese. Kitu hicho kiliitwa primi. Kwa walimu wengine primi ilikuwa mboga juu ya ugali. Kwa Madame ilikuwa ugali wenyewe, kwa sababu jina lake halikuwahi kuingia katika orodha ya wanaolipwa na serikali. Faili yake ilikuwa imesafiri kuliko yeye. Ilikwenda Kindu kwa baiskeli, ikaenda Kinshasa kwa ndege, mara moja ilipita hata Bukavu, na haikurudi kutoka popote. Madame hajapanda ndege maisha yake yote, lakini alipenda kusema kwamba karatasi zake zimetembea.

Karatasi ya gratuité ilipofika, ilikuwa na maneno mawili: mzazi asitoe kitu, na mwalimu alipwe na serikali. La kwanza lilianza kufanya kazi siku ile ile.

Darasa lake la watoto hamsini na wawili likawa la watoto mia moja arobaini na watatu. Walikaa kwenye viti, walikaa kwenye matofali, walikaa dirishani kama njiwa. Walikuja hata wakubwa wa miaka kumi na tatu, ndevu zinakaribia, wakisema nao wanataka "a". Madame hakumfukuza hata mmoja. Ubao ulikuwa ule ule wa siku zote, aliouchonga baba yake, Mzee Salomon, mchonga mitumbwi wa Nyangwe, mwaka binti yake alipoanza kazi. Aliutoa katika gogo moja na mtumbwi uliokuwa mikononi mwake wakati ule. Wenye mtumbwi walingojea, akasema wangojee, maji hayahami. Kila likizo Madame aliupaka upya kwa makaa yaliyotwangwa pamoja na majani ya muhogo, ukawa mweusi tii.

Mwezi wa kumi ukapita. Serikali haikuleta kitu, na wazazi, watu wa sheria ghafla, hawakuleta kitu. Wakimwona Madame sokoni walivuka upande wa pili. Si kwa ubaya; aibu ina miguu. Mama Subira tu hakuvuka, kwa sababu beseni la samaki kichwani halimruhusu mtu kuruka mtaro.

"Madame, bure iko bure," alimwambia, macho yake kwenye mchanga. "Nikikupa hata kichwa ya samaki, Direkta atafungwa."

Na ilikuwa karibu kweli. Habari zilikuwa zimefika za mkuu wa shule moja ya mbali aliyesimamishwa kazi kwa ajili ya mabeseni mawili ya mchele. Direkta Magloire, mkuu wa shule hii, mtu mwema lakini mwenye kuogopa karatasi kuliko nyoka, alikuwa ameipigilia misumari ile karatasi mlangoni. Siku moja kuku wa jirani aliingia katika uwanja wa shule, na Direkta akamkimbiza mwenyewe mpaka barabarani, suti na tai, asije mtu akasema ni primi.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika nusu, Madame Émérance aliingia katika bilo, ofisi ya Direkta, akaweka chaki mezani.

"Juma ingine ni ya mwisho," alisema. "Dada yangu Elsa anapikia wachimba dhahabu kule Lusangi. Anatafuta mutu wa kumusaidia na masufuria."

"Weye, Madame? Masufuria?"

"Sufuria inalipa jioni ile ile."

"Na watoto mia moja makumi ine na tatu?"

"Serikali ije iwafundishe. Si iko yake sasa?"

Direkta alikuwa na walimu wengine watano, na kila mmoja alikuwa na watoto mpaka dirishani. Madame akiondoka, mwaka wa kwanza ulikuwa umekwisha kabla ya Noeli.

Habari hiyo haikulala. Kesho yake, jua lingali juu, Ramazani na Mama Subira waliingia uani kwa Madame. Walimkuta anakunja nguo, sanduku liko wazi.

"Madame, tumekuja na neno ya komite," akasema Ramazani.

"Komite ilikufa pamoja na primi."

"Ndiyo, na tuko natafuta namna ya kuizika." Ramazani alikaa juu ya kinu bila kukaribishwa, maana maneno marefu hayasemwi wima. "Sikiliza. Karatasi ya Kinshasa inakataza primi, inakataza zawadi, inakataza yote. Lakini matanga, iko imekataza? Mutu akifiwa, watu wanaleta chakula. Mufiwa hapiki, hanunui, hakatai. Hata Mubelgiji, na fimbo yake yote, hakukataza matanga."

"Na ni nani amekufa?"

Ramazani akakohoa, akamwangalia Mama Subira. Yeye ndiye aliyesema.

"Baba yako."

Mzee Salomon alikuwa amekufa mwaka wa 1999, wakati wa vita, walipokimbilia porini upande wa Kabambare. Homa ilimmaliza kwa siku mbili. Walimzika kandokando ya shamba la muhogo lisilo lao, wakachimba kwa mikono na kifuniko cha sufuria, na hakuna aliyelia, kwa sababu askari walikuwa karibu na kilio kingewaleta. Walimzika midomo imefungwa. Baadaye watu walirudi, nyumba zilikuwa majivu, ubao ulikuwa mzima kwa vile mtu alikuwa ameubeba porini akaufanya mlango wa kibanda. Wakasema matanga yatafanywa amani ikifika. Radio ilitangaza amani mara tatu, mara nne. Watu wakajifunza kungojea itangazwe tena ndipo wahakikishe. Miaka ikapita ishirini.

"Ramazani," alisema Madame, na sauti yake ilikuwa ile ya kumtoa mtoto darasani. "Unataka niuze mifupa ya baba yangu kwa kilo ya mchele?"

"Mimi nimesema..."

"Toka kwenye kinu yangu."

Ramazani alisimama. Mama Subira hakusogea.

"Binti yangu," alisema polepole, "weye ulimulia baba yako siku gani?"

Madame aliendelea kukunja nguo.

"Basi," akaendelea Mama Subira. "Sisi tunataka mwalimu. Mzee anataka kilio. Kama vitu viwili vinaweza kupanda mutumbwi moja, ju ya nini mulipe mara mbili?"

Madame Émérance aliangalia sanduku lake. Alikunja kitambaa kimoja, akakikunjua.

"Kama ni matanga, iwe matanga," alisema mwishowe. "Siku tatu kamili. Wakristo waimbe, Waislamu waombe vile wanajua. Jina ya baba isemwe. Na nikiona mutu moja anacheka, moja tu, nafunga sanduku."

"Nani atacheka?" akasema Ramazani, naye alikuwa amekwisha kuanza.

Ijumaa mchana walijenga kibanda cha majani ya mawese. Watu walikuja kwa mistari. Na walileta, ee Mungu! Miezi mitatu ya aibu ilishuka siku moja. Mchele uliletwa katika mabeseni, karanga katika vikapu, mafuta katika madumu, kuku wamefungwa miguu wanawatazama watu kichwa chini. Direkta Magloire alifika kwa tai nyeusi akiwa na kuku kwapani. Waliomtambua kuwa ni yule kuku aliyefukuzwa shuleni waliuma midomo, kwa sababu ya lile sharti la kutocheka. Ramazani alikaa kando ya beseni kubwa jeupe la kutilia fedha, kama desturi inavyotaka, na kila aliyetoa alimtangaza kwa sauti: "Mama wa Djuma, beseni ya mchele! Familia ya Amuri, kuku mbili!" Na desturi inataka tena kitu kingine: anayekanyaga uwanja wa matanga, hata kama amepotea njia, hatoki bila kuweka kitu na kuketi kidogo.

Mfiwa alikaa chini, juu ya mkeka, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa na kila kitu cha mfiwa isipokuwa machozi. Alijaribu. Alifikiria kifuniko cha sufuria, alifikiria lile shamba la watu. Hakuna. Macho yalikuwa makavu kama chaki. Jioni wanawake walianza kunong'onezana, maana mtoto asiyemlilia baba yake, watu huuliza kwa nini, na jibu lao huwa si zuri. Usiku Madame hakulala. Matanga ya hila alikuwa ameyakataa, na sasa aliona hila iko ndani ya macho yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi likatokea shauri la picha. Kwenye matanga picha ya marehemu huwekwa juu ya kiti, watu waisalimu. Picha za Mzee Salomon zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba. Kiti kilikaa kitupu katikati ya kibanda, kibaya kukitazama. Wazee walibishana, mmoja akasema iwekwe picha ya rais mpya, kwani ndiye aliyeleta matanga haya, akaambiwa afunge mdomo. Ndipo Mama Subira aliposema: "Lakini si kazi ya mukono yake iko pale shuleni?"

Watoto wa mwaka wa kwanza walikwenda kuleta ubao. Waliubeba ishirini, wengine chini yake, wengine kando wakigusa tu ili wasikose. Na kwa sababu ni watoto, waliusimamisha kwenye kiti kinyume, silabi za Alhamisi zikaangalia ukuta, mgongo ukaangalia watu.

Madame hakuwa ameuona mgongo ule tangu vita. Makaa hayakupita huko. Mti ulikuwa wa rangi yake, wa kahawia, na toka juu mpaka chini alama za tezo ya kuchongea zilikuwa zimepangana kama magamba ya samaki, ndogondogo, moja baada ya nyingine, kila moja pigo moja la mkono wa mtu aliyekuwa anawangojesha wenye mtumbwi. Pembeni chini kulikuwa na moja iliyokwenda vibaya. Alikumbuka siku hiyo. Tezo iliteleza, baba akajikata kidole gumba, akacheka, akasema shule imekwisha kunywa damu, sasa itakaa.

Kilio kilichomtoka hakikuwa cha miezi mitatu. Kilikuwa cha miaka ishirini, na kilitoka kama kitu kilichofungwa vibaya. Watoto waliogopa. Wanawake wazee waliinuka wakaja kumshika, na walipomshika wakalia nao, kila mmoja na wake wa porini, maana hakuna nyumba pale isiyoacha mtu kandokando ya shamba lisilo lake.

Katikati ya kilio hicho ikafika pikipiki.

Mtu alikuwa amepeleka maneno Kasongo: pale shule fulani, primi imerudi, inakusanywa mchana kweupe. Inspekta Yassine alikuja mwenyewe, mkoba mgongoni, kalamu tatu mfukoni, kofia ngumu ya pikipiki kichwani. Alisimama mlangoni mwa kibanda, akahesabu kwa macho mabeseni, vikapu, madumu. Kalamu ilikuwa imekwisha kutoka mfukoni.

"Hii yote ni nini?"

"Matanga, Bwana Inspekta," akasema Ramazani bila kusimama.

"Nani amekufa?"

"Mzee Salomon, baba ya Madame."

"Pole. Alikufa lini?"

"Mwaka ya tisini na tisa."

Inspekta aliteremsha mkono wa kalamu. "Tisini na tisa! Miaka makumi mbili! Mwenye komite, munanifanya mutoto?"

"Hapana, mukubwa wetu. Tulisema tutalia siku amani itafika. Sasa rais alipeana kiti bila bunduki, tukasema, basi imefika." Ramazani alimkazia macho kwa heshima kubwa. "Ao haiyafika? Kama haiyafika, andika hapo kwenye karatasi yako kama haiyafika, sisi tunavunja kibanda leo leo."

Inspekta hakuandika. Mtu wa serikali anaweza kuandika mengi, lakini hilo hawezi. Aliangalia huku na huku akitafuta uongo mahali pa kuushika, na macho yake yakamfikia mfiwa, kitambaa kimemwanguka begani, uso umevimba, kamasi haina mwenyewe. Alikuja kukamata matanga ya kuigiza. Uso ule haukuwa wa kuigiza, na zaidi ya hapo, aliujua. Miaka ishirini na tano nyuma mkono wa mwanamke huyu ulikuwa juu ya mkono wake, wakichora pamoja herufi ya kwanza ya Yassine, ambayo miguu yake ilikuwa ikimsumbua.

Madame alimwona.

"Yassine," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Vua kofia."

Aliivua. Akaketi, kwa sababu alikuwa amekwisha kukanyaga uwanja, na Mama Subira alikuwa amekwisha kumsogezea kigoda. Watu walimngojea. Beseni lilimngojea. Alitia mkono katika mfuko wa shati, akatoa noti iliyokunjwa, labda ya petroli ya kurudia, akaiweka juu ya nyingine.

Ramazani alisimama sasa. Alijisafisha koo.

"Serikali ya Congo!" akatangaza, watu wote wasikie mpaka barabarani. "Kwa Madame Émérance!"

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kazi ngumu, lakini sharti ni sharti. Madame aliinama kushukuru, kama mfiwa anavyoinama kwa kila mtu. Ndivyo alivyopokea mshahara wake wa kwanza wa serikali, baada ya miaka ishirini na minane, kwa sababu baba yake alikuwa amekufa.

Jumapili jioni kibanda kilivunjwa. Sanduku liliwekwa chini ya kitanda. Jumatatu rimu ililia, watoto wakaingia, wengine kwa mlango. Elsa wa Lusangi alipelekewa maneno atafute mtu mwingine wa masufuria, pamoja na kuku mmoja wa kumpoza.

Mchele wa matanga ulifika mpaka Noeli. Lakini wakati ule Ramazani alikuwa amekwisha kuzunguka nyumba kwa nyumba. Komite ilikubaliana kwamba haifai Mzee Salomon aliliwe peke yake kama mtoto wa mfalme. Nyumba fulani ilikuwa na kaka aliyepotelea mtoni; ingine, mama mkwe na mapacha. Kila mwezi familia moja itaweka kibanda, na mabeseni yatapita kwa mwenye matanga kwanza, yaani kwa roho ya marehemu, halafu yatalala nyumbani kwa Madame, kwa sababu ndiko kwenye bati lisilovuja. Ilipohesabiwa, wafu wa vita wasioliliwa walitosha kumlisha mwalimu wa mwaka wa kwanza miaka saba na nusu. Halafu wakaanza na majina ya herufi A.

Inspekta Yassine naye aliandika ripoti yake, na ilikuwa ya kweli tupu. Aliandika kwamba katika shule hiyo hakuna mzazi anayelipa kitu, gratuité inafuatwa vizuri. Kwa upande mwingine, akaongeza, matanga katika kijiji hicho ni mengi kuliko kawaida. Karatasi hiyo, tofauti na faili ya Madame, ilifika ilikokwenda. Mwezi wa pili walikuja wauguzi wawili na kipima-joto na ndoo ya dawa, kuuliza ni ugonjwa gani unaomaliza watu.

"Iko ya zamani," Ramazani aliwaambia. "Lakini karibuni, mumeisha kukanyaga uwanja."

Siku hiyo matanga yalikuwa ya mume wa Mama Subira, aliyechukuliwa na askari akiwa na nyavu zake begani, asionekane tena. Mama Subira alikuwa amekaa mkekani tangu alfajiri, beseni la samaki limefunikwa kando yake, macho makavu. Madame Émérance alifika baada ya darasa, mavumbi ya chaki mikononi. Alikuwa amebeba mchele wake mwenyewe, uliotoka katika mabeseni yale yale ya matanga, akauweka mbele ya Ramazani kama watu wote, akatangazwa kama watu wote. Halafu alivua viatu, akaketi bega kwa bega na yule mama, akamsikiliza anavyopumua. Mama Subira hakuwa akiweza. Basi Madame akaanza kulia yeye kwanza, polepole, kama vile mtu anavyomshika mtoto mkono juu ya herufi, mpaka mwingine akapata njia.

Wauguzi waliweka noti zao katika beseni, wakaandika kwamba hakuna homa.

Kesho yake rimu ililia saa moja na nusu, kama sheria inavyotaka.